Ngazija: Kisiwa cha Kijani Kisicho na Mto

Ngazija hakuna mto. Naanza na hilo kwa sababu picha za kisiwa kile kikubwa cha Komoro haziwezi kukuambia. Zitakuonyesha minazi na migomba, vanila iliyojiviringisha kwenye miti, msitu unaopanda mlima mpaka ukapotea mawinguni, nawe utaamini kwamba kila bonde lina maji yanayotiririka. Mabonde yapo. Mvua nayo ipo, tena nyingi: Moroni, mji mkuu wa Komoro, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam, na miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hupata nyingi kuliko hizo. Hata hivyo hakuna kijito hata kimoja kinachotiririka mwaka mzima. Unaweza kukizunguka kisiwa chote kwa gari, ukapita makorongo makavu moja baada ya jingine, usione maji matamu juu ya ardhi ila yale waliyoyakinga watu.

Visiwa vya pwani yetu nimevitembea kiasi, na kila mara nilivitazama kwa fukwe zake na mapishi yake. Ngazija ndiyo iliyonifundisha kuuliza kwanza: hawa watu wanakunywa nini?

Tulikwenda wanne, marafiki wa siku nyingi. Mimi nafundisha jiografia sekondari, Tanga. Wa pili ni muuguzi niliyesoma naye tangu msingi. Wa tatu ni fundi bomba wa mtaani kwetu, mtu ambaye haingii nyumba asitazame kwanza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Wa nne ni dada wa Unguja ambaye bibi yake mzaa mama ni Mngazija, na yeye ndiye aliyekuwa na mwenyeji wa kutupokea. Hilo si ajabu kwa mtu wa Unguja. Wangazija wamekaa Zanzibar vizazi na vizazi, wakawa walimu, masheikh, makarani na mafundi. Sheikh Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, mji mdogo wa pwani jirani na Moroni. Rafiki yetu alikuwa akilitaja jina la Itsandra tangu tukiwa vijana, kwa sauti ile ambayo watu hutumia kutaja kwao wasikowahi kufika.

Likizo ya Juni na Julai ilipofika, tukaenda. Kutoka Dar es Salaam ndege inatumia muda mfupi kuliko basi la kutoka Tanga kwenda Dar. Uwanja uko Hahaya, kaskazini mwa Moroni, na unapotoka tu unakutana na lava: mwamba mweusi uliokwaruzana, umemwagika kutoka mlimani mpaka baharini, na kwenye nyufa zake nyasi na vichaka vimeshaota. Fundi wetu alishuka kwenye teksi iliposimama kupakia abiria mwingine, akachukua maji kidogo ya chupa yake, akayamimina juu ya jiwe. Hayakukaa. Yaliingia ndani papo hapo, jiwe likabaki na alama ya unyevu tu.

"Basi tena," akasema. "Hapa huwezi kuchimba bwawa."

Maelezo ya kitabuni nilikuwa nayo, lakini sikuwahi kuyaona yakitendeka mbele ya macho. Ngazija ndicho kisiwa kichanga kuliko vyote vinne vya Komoro. Mwamba wake wa volkano bado haujaoza na kuwa udongo mzito wa kushika maji, una nyufa na matundu kila mahali, kwa hiyo mvua ikishuka inazama. Inashuka chini hadi usawa wa bahari, na huko maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Moroni hunywa kwa kuvuta maji hayo kutoka visima virefu vya Vouvouni, kusini mwa mji. Ukichimba karibu na pwani, unapata maji yenye chumvi kidogo, na bahari ikijaa, chumvi inazidi. Nzwani na Mwali ni visiwa vikongwe zaidi, udongo wao umekomaa, na wao wana mito. Nzwani mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima imekauka baada ya misitu kukatwa, na hilo nitalirudia nikifika mlimani.

Mwenyeji wetu, ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa kama alivyomwita rafiki yetu, anakaa kijiji cha upande wa mashariki, si mbali na Chomoni. Tulimsalimu kama tulivyofundishwa njiani, "Kwezi," naye akatuitikia, "Mbona," kisha akageukia Kiswahili cha Unguja, kwani ujana wake aliupitisha mtaa wa Malindi, mjini Unguja. Mapokezi yalikuwa ya shelisheli la kuchoma, samaki, na mataba, yaani kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa tui mpaka tui likatoka mafuta. Mkate wa ufuta ulikuwepo pia. Tulikula mpaka tukasahau uchovu.

Nyumba ni yake. Hili nalitaja kwa makusudi. Ngazija msichana hujengewa nyumba na wazazi wake na wajomba zake, mume ndiye anayehamia, na ardhi ya manyahuli hupita kutoka mama kwenda kwa binti. Uani kwake kuna birika la mawe na saruji, kubwa kuliko chumba tulicholala, limefunikwa kwa zege na kuachwa tundu moja la kushushia ndoo. Paa la bati lina gata pande zote mbili, na gata zote zinashuka humo. Birika hilo alijengewa na mama yake. Mama yake alijengewa lile dogo la nyuma ya jiko, ambalo sasa linanyweshea mbuzi.

Jioni ile ya kwanza fundi aliomba ruhusa ya kuchungulia birikani kwa tochi. Mama Mkubwa akamruhusu, akasimama kando yake akieleza. Mvua kubwa hushuka wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua ya kwanza ya msimu haikingwi: bomba la gata hugeuzwa nje, maji yale yaoshe vumbi, majani na kinyesi cha ndege kilichoko juu ya bati. Ya pili, ikiwa ya kwanza ilikuwa kubwa, huingizwa. Kuanzia Mei birika linaanza kushuka, na yeye hupima kwa fimbo ya mwanzi yenye alama alizozikata kwa kisu. Kila alama ina maana yake. Ikifika alama fulani, nguo zinafuliwa mara moja tu kwa wiki. Ikishuka chini ya nyingine, wageni wanaoga kwa kopo badala ya ndoo.

"Na sasa iko wapi, Mama?" muuguzi akauliza.

"Ndoo, mwanangu. Ogeni kwa ndoo, msiwe na wasiwasi."

Muuguzi ndiye aliyewaona samaki. Wadogo, urefu wa kifundo cha kidole, wakikatisha kwenye mwanga wa tochi. Walitiwa humo ili wawale viluwiluwi vya mbu, na ni njia inayojulikana kisiwani, mabirika ya misikiti pia huwa nao. Malaria imewatesa sana watu wa Ngazija. Mwaka 2013 serikali iligawa dawa kwa watu wote wa kisiwa, wagonjwa na wazima, wagonjwa wakapungua kwa kiasi kikubwa, kisha miaka iliyofuata ikaanza kurudi. Rafiki yangu muuguzi alizungumza na Mama Mkubwa juu ya hilo mpaka usiku, wanawake wawili wamekaa kwenye mkeka, mmoja anajua takwimu na mwingine anajua ni nani katika kila nyumba aliyeugua. Nilijifunza mengi kwa kuwasikiliza kuliko kama ningeuliza mimi.

Tuliporudi chumbani tuliafikiana jambo bila mjadala mrefu. Safari nzima tungetumia maji kama wenye nyumba, wala si kama wageni. Sijui kama Mama Mkubwa aliona. Nadhani aliona, maana hakuna mtu anayeyajua maji yake kama yeye.

Karthala una urefu wa mita 2,361 na unakalia nusu yote ya kusini ya kisiwa. Ni volkano hai, miongoni mwa zile zinazolipuka mara kwa mara katika Bahari ya Hindi. Wapandaji wengi huanzia Mvouni, juu ya Moroni, au Boboni, ambako njia ni fupi lakini kali. Sisi tulianzia Mvouni, pamoja na mwongozaji aliyepata kufanya kazi Dar es Salaam, bandarini, na aliyetuita "dada" na "kaka" tangu dakika ya kwanza. Kabla ya kuondoka alitupanga mstari na kupekua mizigo. Hakutazama mabuti wala makoti. Alihesabu maji.

"Lita tano kila mmoja, za kunywa. Za kupikia nabeba mimi na mdogo wangu. Huko juu hakuna kitu. Mvua ikinyesha utalowa, lakini hutakunywa."

Kisha akatoa sharti ambalo sijawahi kulisikia kwenye mlima mwingine: maji yote ni ya kundi. Hakuna mtu kunywa peke yake njiani. Tunasimama pale anaposema, tunakunywa pamoja, na chupa za yule aliyechoka zaidi ndizo zinazomalizwa kwanza, ili mzigo wake upungue. Mantiki yake ni nyepesi na ya kibinadamu kabisa. Mtu mwenye nguvu akinywa ya kwake kila anapojisikia, hufika juu hana kitu, na yule dhaifu anafika amebeba lita zake zote mgongoni. Muuguzi wetu, ambaye magoti yake yalikuwa yakimsumbua, ndiye aliyetembea mbele. Mwongozaji alisisitiza hivyo. Aliyeko mbele ndiye anayeamua mwendo, na mwendo wa kundi ni mwendo wa goti bovu kuliko yote. Nimepanda milima na watu walionitangulia nusu saa na kunisubiri wakiwa wamepumzika tayari, wakainuka mara tu nilipofika. Siku ile hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Sehemu ya chini ya njia ni mashamba. Migomba, majimbi, mihogo, mikarafuu, na vanila iliyofungwa kwenye miti midogo. Ua la vanila hufunguka kwa saa chache tu na huku kwetu halina mdudu wake wa kulichavusha, kwa hiyo kila ganda unalolinusa dukani limetokana na mkono wa mtu aliyegusisha chavua kwa kijiti. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 na kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, kwenye kisiwa kingine cha volkano cha bahari hii hii, Réunion. Tulimkuta mwanamke mmoja akikagua maganda yake, akatuonyesha alama alizotoboa kwa pini kwenye kila ganda bichi ili mwizi akiiba ajulikane. Ng'ombe walifungwa kwenye kamba chini ya miti, na mbele yao kulikuwa na vipande vya magogo ya migomba. Nilidhani ni chakula tu. Mwongozaji akasema ni maji pia: gogo la mgomba limejaa maji, na ng'ombe wa mlimani hushusha kiu kwa hilo.

Halafu msitu. Sitaki kuupamba, nitasema nilichokiona. Miti ilikuwa imevaa miti mingine. Kangaga, okidi na kuvumwani vilifunika kila tawi, na ukungu ulipoingia kati ya vigogo, matone yakaanza kudondoka ingawa mvua haikuwepo. Tulisimama. Fundi akaweka kiganja chini ya kuvumwani, kikajaa taratibu.

Pale ndipo mambo yote yalipoungana kichwani mwangu. Msitu ule unayashika mawingu, unayakamua, unayaachia ardhini polepole, nayo yanazama kwenye mwamba mpaka kwenye visima vya chini. Ukiukata, wingu linapita tu. Nzwani, umbali wa safari ya boti, watu wameishi na matokeo hayo. Na mashamba tuliyopita asubuhi yanapanda kila mwaka, kwa sababu watu ni wengi na ardhi ni hiyo hiyo. Mwongozaji alituonyesha mahali ambapo, alipokuwa mtoto, msitu ulianzia. Tulikuwa tumepita hapo muda mrefu sana uliopita. Hakumlaumu mtu. Yule mwanamke wa vanila ni shangazi yake.

Juu ya msitu miti inakuwa mifupi, inageuka vichaka vyenye majani kama sindano, kisha unafika ukingoni na dunia yote inabadilika. Kaldera ya Karthala, yaani bonde pana lililobomoka kileleni, ina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi. Ndani yake ni mchanga mweusi, lava iliyoganda, na katikati kasoko la Choungou Chahalé, shimo ambalo ukirusha jiwe husikii likifika. Baada ya mlipuko wa mwaka 1991 kulikuwa na ziwa mle ndani. Mlipuko wa Aprili 2005 ukaliondoa. Novemba mwaka huo huo ukaja mwingine, Mei 2006 kukawa na ziwa la lava, na Januari 2007 mlima ukalipuka tena kabla ya kutulia. Kule Moroni kuna kituo cha wanasayansi kinachosikiliza mitetemo yake usiku na mchana.

Niliyoyasoma kuhusu Novemba 2005 yalikuwa juu ya majivu na moshi. Aliyenieleza maana yake ni Mama Mkubwa, tuliporudi. Majivu yaliangukia mabati, yakaingia kwenye gata, yakaingia kwenye mabirika yasiyofunikwa, na kwa siku chache sehemu kubwa ya kisiwa haikuwa na maji ya kunywa. Hapakuwa na mto wa kukimbilia. Mashirika ya misaada yaligawa maji kwa magari. Birika lake lilikuwa wazi wakati huo. Lile zege la juu tulilolikalia jioni tukinywa chai alilimwaga baada ya majivu, kwa fedha alizotumiwa na binti yake aliyeko Marseille, Ufaransa.

Tulilala kwenye kaldera. Mwongozaji alichagua mahali pa hema kwa uangalifu, palipoinuka na penye upepo, akakataa bonde dogo lililokuwa na kinga nzuri ya baridi. Gesi za volkano ni nzito, hujikusanya mabondeni. Mwaka 1903 gesi ya Karthala iliua watu 17. Kwa hiyo tulilala kwenye upepo, tukatetemeka, tukavaa kila tulichokuwa nacho, na tukanywa chai ya mchaichai kikombe kimoja kikizunguka, kwa sababu ya lile sharti. Alfajiri tulitayamamu kwa mchanga wa Karthala. Maji yalikuwepo kwenye madumu, yangetosha kutawadhia, lakini yalikuwa ya kunywa watu sita njia nzima ya kurudi, na dini yetu imeliona hilo zamani. Nimeishi miaka yangu yote karibu na bomba. Sikuwahi kabla ya hapo kuiswali alfajiri nikiwa na sababu ya kweli ya kutotumia maji.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, hasa kwa magoti, lakini sina mengi ya kusema juu yake. Chupa zilikuwa nyepesi.

Siku zilizobaki tulizunguka kisiwa kwa gari la ndugu wa Mama Mkubwa. Kaskazini ni pazuri na mgeni yeyote atapelekwa huko: fukwe nyeupe za Mitsamiouli, lile jabali refu la Ivoini wanaloliita Mgongo wa Joka, na ziwa la chumvi lililokaa ndani ya kasoko la zamani karibu kabisa na bahari. Chomoni mchanga mweupe unalala kando ya lava nyeusi, na bahari ikitoka unaweza kuona maji matamu yakichuruzika kutoka miambani kwenda baharini, mvua ya mlimani ikimalizia safari yake. Tulichota kwa kiganja tukaonja. Chumvi ilikuwepo kidogo tu.

Singani nataka kukaa kidogo. Kijiji hicho kiko kusini-magharibi, mbali na kilele. Aprili 1977 mlima haukulipukia juu, ulipasuka ubavuni, chini, na lava ikapita katikati ya makazi. Leo ukisimama barabarani unauona mto ule wa mawe, na juu yake na kando yake kuna nyumba. Watu wamerudi. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa kwenye baraza ya msikiti kwa nini hawakuhamia mahali pengine, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba kisiwa kizima ni mlima. Ni kweli. Kila mji wa Ngazija umekaa juu ya lava ya zamani au mpya. Ninapofundisha somo la volkano sasa, sitoi tena orodha ya hasara na faida kwenye ubao kana kwamba watu walipewa karatasi ya kuchagua. Naanza na mzee wa Singani na ardhi ya manyahuli ya bibi zake.

Moroni tuliingia medina, kwenye vichochoro vinavyofanana na vya Mji Mkongwe, tukaswali Ijumaa kwenye msikiti wa kale wa Badjanani ulioanzishwa mwaka 1427, upande wa bandari ya majahazi. Makumbusho ya taifa ilinipa furaha ya kipekee kama mtu wa Tanga, kwani wana gombessa, samaki ambaye sisi tunamwita silikanti. Wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na madinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Nzwani mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke aliwaona wakiwa hai kwa mara ya kwanza kilindini, kwa chombo cha kuzamia, pembeni mwa Ngazija, na ikajulikana kwamba mchana hujificha kwenye mapango ya lava, karibu mita 200 chini. Mwamba ule ule unaowanyima watu mto umewapa samaki hao makazi. Kwetu Tanga wameanza kuingia kwenye nyavu za jarife tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari imeanzishwa kwa ajili yao. Fundi wetu, ambaye amekulia mtaa wa wavuvi, alimtazama yule samaki kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kasoko.

Julai ikiwa inaelekea ukingoni, Wakomoro wa Ufaransa walianza kushuka Hahaya na masanduku yao. Agosti ni msimu wa harusi kubwa, anda. Mwanamume wa Ngazija aliyetimiza anda ndiye anayehesabiwa mtu mzima kamili: anakaa mbele kwenye bangwe, uwanja wa mikutano wa mji, anasema na kusikilizwa. Hutumia miaka mingi kujiandaa, na gharama yake hujadiliwa kisiwani kote, wengine wakisema inawafilisi watu na wengine wakisema ndiyo inayowaunganisha walioko Marseille na kijiji. Sina haki ya kuamua. Niliuliza tu lile nililojifunza kuuliza: wageni mamia, siku kadhaa, wakati wa kiangazi, wanakunywa nini?

Mama Mkubwa alifurahi kuulizwa. Hilo, alisema, ndilo linalomkosesha usingizi, kwani mjukuu wake ana anda mwaka unaofuata. Nyama inanunuliwa, dhahabu inanunuliwa, mchele unaletwa na meli. Maji yananunuliwa kwa boza, na Agosti maboza yana foleni na bei hupanda. Majirani hufungua mabirika yao kwa ajili ya harusi ya mwenzao, na kila ndoo inakumbukwa, kwani nawe utafungua lako yao ikifika.

Fundi alikuwa ameshapima gata zake kwa macho tangu siku ya kwanza. Akamwambia kwamba paa la jiko na la baraza mvua yake inapotea bure, na kwamba gata mbili zaidi na bomba la kupeleka kwenye lile birika la mbuzi, likisafishwa na kufunikwa, zingempa akiba ya pili kabla ya harusi, ilimradi kazi ifanyike kabla ya kaskazi. Wakakaa barazani na daftari langu la shule. Yeye anachora, Mama Mkubwa anasahihisha, kwa sababu anajua upepo wa mvua unapigia upande gani.

Siku ya kuondoka rafiki yetu wa Unguja alimwuliza Mama Mkubwa tumletee nini tukirudi kwenye harusi, tukidhani atasema doti za kanga. Akafungua daftari.

"Bomba za plastiki za inchi nne, za Tanga, huku ghali. Viwiko vinane. Na huyu fundi aje Oktoba, asingoje Agosti. Nauli nitaongea na binti yangu."

Fundi ameshakata tiketi.